WATU NA KAZI ZAO: John Coltrane, Mpiga Saksafoni

Saksafoni si chombo kigeni katika Afrika ya Mashariki. Watu waliohudhuria dansi Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na 1960 waliijua vizuri sauti yake, na kazi yake ilikuwa kuwainua watu vitini wakacheze. Mtu anayeelezwa hapa aliitumia kwa kazi nyingine. Alikuwa Mmarekani mweusi, jina lake John William Coltrane, na waliokuja kumsikia walikaa kimya kama watu walio kanisani, ila wako pia walioondoka kabla hajamaliza. Hata leo wako wasemao kwamba hakuna aliyepata kuipuliza saksafoni kama yeye, na wako wasioweza kuzivumilia santuri zake za mwisho kwa dakika tano.

Chombo chenyewe kilibuniwa na Mbelgiji mmoja, Adolphe Sax, ambaye alipewa hati ya uvumbuzi wake mjini Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba, walakini sauti huanza katika kipande chembamba cha tete kinachotikisika mdomoni mwa mpigaji, kwa hiyo ni ndugu ya zumari kuliko kuwa ndugu ya tarumbeta. Ziko saksafoni za ukubwa mbalimbali. Iitwayo soprano ina sauti ya juu, alto huifuata, na tenori ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito. Coltrane alianza kwa alto, akajulikana kwa tenori, na baadaye akaifufua soprano, ambayo wapiga jazi wa siku zake, isipokuwa wachache, walikuwa karibu kuisahau.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1926 katika mji mdogo wa Hamlet, katika jimbo la North Carolina. Alipokuwa bado mtoto mchanga wazazi wake walihamia mji wa High Point, wakakaa katika nyumba ya babu yake mzaa mama, Mchungaji William Blair. Baba yake alikuwa fundi wa kushona na kupiga pasi nguo, na jioni alijifurahisha kwa kupiga fidla. Mama yake alijua kupiga piano na kuimba kanisani. Ilikuwa nchi ya ubaguzi: watoto weusi walikuwa na shule zao mbali na za wazungu. Hata hivyo, jamaa hii ilikuwa na heshima yake, na mtoto hakukosa chakula wala mavazi.

Ndipo msiba ukaingia. Katika muda wa miezi michache, mwisho wa mwaka 1938 na mwanzo wa 1939, babu alifariki, baba akafariki, na baada yao nyanya. John alikuwa na miaka 12. Mama, ambaye sasa ndiye aliyebaki kuilisha nyumba, alikwenda kufanya kazi ya utumishi majumbani mwa watu. Mwaka huo huo mchungaji mmoja wa mji alianzisha bendi ya vijana, na John akawa mmoja wao. Alianza na tarumbeta ya sauti ya kati, kisha kilarineti, kisha saksafoni. Waliomjua wakati ule walikumbuka kwamba tangu hapo hakuonekana bila chombo. Pengine mtoto asiyeweza kuusema msiba wake hupata pa kuuweka.

Alipomaliza shule mwaka 1943 alipanda gari la moshi pamoja na rafiki zake wawili akaenda Philadelphia kutafuta kazi. Alifanya kazi katika kiwanda cha sukari. Mama yake alimnunulia saksafoni ya alto, naye akajiandikisha katika shule ya muziki ya mji ule. Tarehe 5 Juni 1945 alikwenda kumsikiliza Charlie Parker, ambaye wakati ule alikuwa akiugeuza muziki wa jazi wote kwa saksafoni yake, na kijana akatoka humo akiwa mtu mwingine. Miezi miwili baadaye aliingia katika jeshi la wanamaji, akapelekwa Hawaii.

Mwezi wa Julai 1946 Coltrane na wanamaji wenziwe walirekodi nyimbo chache kwa ajili yao wenyewe. Miaka mingi baadaye santuri hizo zilitolewa hadharani, na wajuzi wakazisikiliza kwa hamu. Hawakusikia ajabu yoyote. Walisikia kijana wa miaka 19 ajitahidiye kumwiga Charlie Parker, wala hafanikiwi sana. Jambo hili lafaa kuangaliwa, maana watu hupenda kusema kwamba wapigaji wakubwa huzaliwa na kipaji tayari. Parker alikuwa mashuhuri kabla ya miaka 25. Coltrane alipofika umri huo hakujulikana na mtu ila na wapigaji wenzake, na hao walimjua kwa jambo moja: kwamba hachoki kufanya mazoezi.

Mazoezi yake yalikuwa ya namna ya kuchosha majirani. Alipiga asubuhi kabla ya kula, akapiga mchana, na wakati wa mapumziko ya dansi, wenzake wakinywa na kuzungumza, yeye alijitenga pembeni akaendelea. Husimuliwa kwamba usiku ulipokuwa mkubwa alibonyeza vifungo vya saksafoni bila kupuliza, ili vidole vifanye kazi na watu wapate kulala. Alitumia vitabu vya mazoezi vya piano ambavyo havikuandikwa kwa ajili ya chombo chake. Meno yake yalikuwa mabovu kwa sababu ya kupenda mno vitu vitamu, na kwa mtu ashikaye chombo kwa meno hayo si maumivu madogo.

Kazi alizipata, lakini zilikuwa kazi za kumfuata mkubwa. Mwisho wa miaka ya 1940 alisafiri na bendi ya Eddie Vinson, na kwa kuwa Vinson mwenyewe alipiga alto, Coltrane alilazimika kushika tenori. Hivyo ndivyo alivyokipata chombo kilichompa jina. Tangu mwaka 1949 mpaka 1951 alikuwa pamoja na Dizzy Gillespie. Katika miaka hiyo alishikwa na maradhi yaliyowaangamiza wapigaji wengi wa wakati wake: alianza kutumia heroini, dawa ya kulevya itokanayo na kasumba, na alipojaribu kuiacha alikimbilia pombe. Mwaka 1954 aliajiriwa na Johnny Hodges, mmoja wa wapigaji wa saksafoni wenye sauti tamu kupita wote, lakini hakudumu, kwa sababu ya tabia hiyo hiyo.

Mwaka 1955 Miles Davis, mpiga tarumbeta, alikuwa akiunda bendi ya watu watano, akamwita Coltrane. Davis alikuwa mtu wa maneno machache hata katika muziki wake. Aliweza kupiga sauti moja akanyamaza, na kimya kikawa sehemu ya wimbo. Coltrane alikuwa kinyume chake. Alitaka kusema kila kitu, na kukisema mara tatu kwa njia tatu. Husimuliwa kwamba siku moja alimweleza mkubwa wake kuwa akishaanza kupiga hajui jinsi ya kukoma, na Davis akamjibu kwamba dawa yake ni kukitoa chombo mdomoni. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya bendi kuwa nzuri. Lakini Coltrane alifika kazini akiwa amechelewa, nguo zimekunjamana, na nyakati nyingine alisinzia jukwaani mbele ya watu waliolipa fedha. Davis mwenyewe alikuwa amewahi kutumwa na heroini akajitoa, naye hakuwa na subira na mtu asiyejitoa. Mwezi wa Aprili 1957 alimfukuza.

Coltrane alirudi Philadelphia, katika nyumba aliyoinunua barabara ya North 33rd mwaka 1952. Alikuwa na miaka 30. Humo nyumbani walikuwamo mama yake na mkewe Naima, mwanamke Mwislamu aliyeolewa naye mwaka 1955. Akawaambia kwamba ameazimia kuacha. Hakwenda hospitali wala hakupewa dawa ya kupunguza mateso. Alijifungia chumbani akawa anakunywa maji, na wanawake hao wawili wakamtunza mpaka siku za kutetemeka na kutapika zikapita. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba katika mwaka huo Mungu alimwamsha kwa neema yake, na kwamba alimwomba ampe njia ya kuwafurahisha watu kwa muziki. Mtu aweza kuamini au asiamini, ila jambo moja liko wazi: tangu wakati ule mpaka kufa kwake ilikuwa miaka kumi na miezi michache, na karibu kila kitu kinachofanya jina lake likumbukwe alikifanya ndani ya miaka hiyo.

Hakupoteza hata mwezi. Tarehe 31 Mei alirekodi santuri ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Kisha akawa mwanafunzi wa Thelonious Monk, mpiga piano wa New York ambaye wengi walimwona kuwa mtu wa ajabu. Kulipokucha Coltrane alikwenda nyumbani kwa Monk, akamwamsha kitandani. Monk alikwenda kwenye piano akapiga wimbo mmoja wa nyimbo zake, akamtazama mgeni. Mgeni alijaribu kuufuata kwa saksafoni. Alipokosea, Monk aliurudia. Alipokosea tena, aliurudia tena. Iwapo palikuwa na mahali pagumu mno, ndipo alipotoa karatasi zilizoandikwa, lakini alipendelea kumfundisha bila karatasi, ili wimbo uingie sikioni na moyoni. Walimu wa namna hii ni wachache, na wanafunzi wanaokubali kufundishwa hivyo wakiwa na miaka 30 ni wachache zaidi.

Katikati ya mwaka walianza kupiga pamoja katika klabu ndogo iitwayo Five Spot. Mara nyingi Monk aliondoka kwenye piano katikati ya wimbo akaanza kucheza dansi peke yake jukwaani, akamwacha Coltrane na mpiga ngoma na mpiga gitaa kubwa la besi tu. Asiyejua njia angepotea. Coltrane alijifunza kuijaza nafasi hiyo yote, na hapo sauti zake zikaanza kumiminika kwa wingi ambao haujapata kusikiwa. Mwaka 1958 mwandishi Ira Gitler alizifananisha na shuka za sauti zilizotandazwa moja juu ya nyingine. Mwanzo wa mwaka huo Davis alimwita tena kazini, akamkuta mtu mwingine. Mwaka 1959 walirekodi pamoja Kind of Blue, santuri ambayo yaelekea ndiyo ya jazi iliyopendwa na watu wengi kupita zote.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo, Coltrane aliingia studio na nyimbo zake mwenyewe. Mmoja waitwa Giant Steps, na wapigaji wa saksafoni duniani kote bado wapimwa kwa huo. Wimbo wa kawaida hukaa katika makao mamoja ya sauti, kama mtu akaaye chumba kimoja, na akitoka hurudi. Katika wimbo huu kuna vyumba vitatu vilivyo mbalimbali, na mpigaji hulazimika kuhama mara kwa mara, tena kwa mbio sana. Coltrane alikuwa ameufanyia mazoezi siku nyingi, na anapita humo kama mtu aendaye kwake gizani. Mpiga piano wake, Tommy Flanagan, hodari kama alivyokuwa, anasikika katika santuri akisitasita zamu yake ilipofika. Lazima isemwe kwa heshima ya Flanagan kwamba hakuukimbia wimbo huo: mwaka 1982 aliurekodi tena yeye mwenyewe, akaupiga barabara.

Mwaka 1960 Coltrane aliachana na Davis kwa wema akaunda bendi yake. Waliodumu naye walikuwa McCoy Tyner kwenye piano, Elvin Jones kwenye ngoma, na baadaye Jimmy Garrison kwenye besi. Mwezi wa Oktoba waliuchukua wimbo wa mchezo wa kuigiza, My Favorite Things, wimbo mwepesi ambao wengi wangeuona kuwa wa kuwafurahisha watoto, wakaupiga kwa karibu dakika 14, Coltrane akitumia soprano. Piano ilirudiarudia sauti chache bila kuchoka, na saksafoni ikaelea juu yake kama sauti ya zumari katika arusi. Santuri hiyo ilipotoka mwaka 1961 ilinunuliwa na watu ambao hawakuwa wapenzi wa jazi hata kidogo.

Afrika nayo ilikuwa imeanza kumvuta. Tayari mwaka 1958 alikuwa amepiga katika santuri ya mpiga tarumbeta Wilbur Harden, yenye wimbo usiotungwa na yeye ulioitwa kwa jina la Tanganyika. Mwaka 1961, ambao ndio mwaka Tanganyika ilipopata uhuru, Coltrane alirekodi wimbo wake mrefu aliouita Africa, akiwa na kundi kubwa la wapiga tarumbeta na vyombo vya shaba na wapiga besi wawili. Kabla ya kuurekodi alisikiliza santuri za muziki wa Afrika akitafuta mapigo yake. Alifanya urafiki na Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria aliyekaa New York, akampa wimbo wenye jina lake, na akamsaidia katika kituo cha utamaduni wa Kiafrika alichokianzisha Harlem. Yeye mwenyewe hakupata kukanyaga Afrika, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Si watu wote waliopendezwa. Mwaka 1961 mwandishi mmoja wa gazeti la muziki aliandika kwamba anayoyapiga Coltrane ni kinyume cha jazi. Coltrane hakumtukana, yeye na mwenzake Eric Dolphy walikubali kuhojiwa na gazeti hilo hilo, wakaeleza kwa upole wanachokitafuta. Wote waliomjua husema alikuwa mtu wa sauti ya chini.

Tarehe 15 Septemba 1963, siku ya Jumapili, bomu lililotegwa na wabaguzi lililipuka katika kanisa la watu weusi huko Birmingham, Alabama, likawaua wasichana wanne: watatu wa miaka 14 na mmoja wa miaka 11. Miezi miwili baadaye Coltrane alirekodi wimbo uitwao Alabama. Hauna maneno. Saksafoni yaanza polepole juu ya piano inayonguruma chini, kama mtu asomaye majina ya maiti mbele ya jamaa zao, na hainyanyui sauti mpaka karibu na mwisho. Ni wimbo wa dakika tano tu, na mtu aliyezoea kulaumiwa kwa urefu wa nyimbo zake hakuhitaji zaidi ya hizo.

Tarehe 9 Desemba 1964 walirekodi A Love Supreme, santuri yenye sehemu nne, ambayo aliitoa kama sadaka ya shukrani kwa Mungu. Sehemu ya mwisho ni dua aliyoiandika mwenyewe. Hakuisoma. Aliipiga kwa saksafoni, silabi kwa silabi, na mtu akiishika karatasi iliyochapishwa pamoja na santuri aweza kuifuata tangu neno la kwanza hata la mwisho. Mwaka 1965 wasomaji wa gazeti lile lile lililomlaumu walimchagua kuwa mpigaji bora wa mwaka, na santuri hiyo kuwa bora ya mwaka.

Mtu mwingine angetulia hapo. Yeye mwezi wa Juni 1965 alikusanya wapigaji 11 akarekodi Ascension, muziki wa makelele makubwa usio na njia iliyopangwa ila kidogo. Tyner aliondoka mwisho wa mwaka, Jones akamfuata mwanzo wa 1966. Coltrane na Naima walikuwa wamekwisha kuachana. Mke wake wa pili, Alice, alikaa kwenye piano. Mwezi wa Julai 1966 walizuru Japani, na alipofika Nagasaki alikwenda kwenye ukumbusho wa waliokufa kwa bomu la atomiki, akasimama akaomba. Je, santuri za miaka hii ni nzuri? Nyingine zachosha, na mapenzi ya mtu kwa Coltrane hayawezi kulificha hilo. Lakini katika nyingine mnasikika utulivu ambao hakuwa nao alipokuwa kijana.

Tarehe 23 Aprili 1967 alipiga katika kituo cha Olatunji huko Harlem. Alikuwa tayari mgonjwa, ingawa aliwaficha wengi. Tarehe 17 Julai alifariki hospitalini Long Island kwa saratani ya ini, umri wake miaka 40, akamwacha Alice na watoto, mdogo wao akiwa bado mchanga. Mazishini, Albert Ayler na Ornette Coleman, wote wapiga saksafoni, walipiga muziki kanisani. Mwaka 2007 wenye kutoa zawadi ya Pulitzer walimpa heshima maalum, miaka 40 baada ya kufa kwake.

Wakati wake na Monk ulidhaniwa kuwa umepotea karibu wote, maana ni nyimbo chache tu walizorekodi studio. Kumbe tarehe 29 Novemba 1957 walikuwa wamepiga Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa New York, katika tamasha la kuchangia kituo cha jamii, na watu wa redio ya Sauti ya Amerika wakalirekodi. Kanda hizo ziliwekwa katika maktaba ya Bunge la Marekani zikasahauliwa. Mwaka 2005 mfanyakazi mmoja wa maktaba, Larry Appelbaum, alipokuwa akizipanga kanda za zamani ili zihifadhiwe, alizikuta. Tamasha lilipigwa mara mbili usiku ule, na katika mara zote mbili Coltrane anasikika wazi, hakosi hata pale Monk anapomtegea, miezi saba baada ya kufukuzwa na Davis.